Vipini vya Shardaben

Manubhai sonara aliijua idadi ya wateja wa shemeji yake kuliko alivyoijua ya wateja wake mwenyewe. Maduka yao mawili, pale Chake Chake, zamani yalikuwa duka moja, na kilichoyatenga kilikuwa ukuta wa mbao nyembamba ambao seremala aliupigilia kwa siku moja. Neno lolote lililosemwa upande wa pili lilipita. Asubuhi Manubhai aliketi mbele ya mizani yake, kitambaa cha kusugulia mkononi, sikio limeelekea mbaoni. Huyu mmoja. Hawa wawili, mama na bintiye. Huyu anacheka. Huyu amesema mashallah. Basi huyo keshanunua.

Halafu aligeuka kulitazama kabati lake la kioo, lililojaa vizuri kama lilivyojaa mwaka jana na mwaka juzi.

Baba yake Manubhai, mzee aliyetoka Porbandar, Bara Hindi, na nyundo moja na koleo mbili, alikuwa fundi wa fedha. Aliwatengenezea wake wa wenye mashamba ya karafuu vikuku na mikufu, akafa akiwa na duka. Wanawe walikuwa wawili. Manubhai, mkubwa, alipelekwa Bombay miaka miwili kujifunza almasi, akarudi Pemba anaamini kwamba sonara hupimwa kwa ukubwa wa mawe yake. Mdogo wake, Ramnik, hakwenda popote. Alibaki kutia viungo vya mikufu iliyokatika, kupiga soga na wateja, na kununua almasi ndogondogo, chembe tupu, ambazo kaka yake aliziita takataka za kwenye ufagio.

Mwaka 1956 homa ya matumbo ilimchukua Ramnik, akaacha mke, Shardaben, na binti mmoja. Baada ya matanga, wazee wa jamaa yao walikaa kugawa mali. Manubhai ndiye aliyezungumza zaidi. Alisema mawe makubwa ni mzigo wa hatari kwa mwanamke peke yake. Afadhali yabaki kwake, na Shardaben apewe zile chembe ndogo, zifidiwe kwa dhahabu mpaka thamani zilingane. Kwenye karatasi zililingana kweli. Wazee wakaridhika. Manubhai alitoka mle akijua kwamba mawe kumi na moja mazuri kuliko yote Pemba yamebaki kwake, na kwamba mjane amepewa takataka za ufagio. Akangoja. Alimpa muda wa miezi sita: mwanamke atachoka, atafunga mlango, atakuja kuishi chumba cha nyuma na kumsaidia mkewe jikoni.

Miezi sita ikapita, na miezi sita mingine.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba kwa miaka yote ya ndoa yake Shardaben alikuwa akikaa nyuma ya duka akimkazia Ramnik mawe kwenye dhahabu. Macho yake yalikuwa makali na vidole vyake vyepesi. Sasa alichukua chembe moja ya almasi, akaikaza juu ya msumari mwembamba wa dhahabu, akawa na kipini cha pua. Bei yake aliiweka pale ambapo mwanamke aliyechuma karafuu msimu mmoja angeweza kuifikia na bado akabakiwa na pesa ya doti ya kanga. Wanawake wa Pujini walikuja. Wa Wesha wakaja. Hata wa kisiwa cha Makoongwe walivuka kwa ngalawa kufuata kipini kwa yule bibi Mhindi mwenye sari nyeupe.

Manubhai alikuwa na desturi ya kufunga kikaratasi kwa uzi kwenye kila kitu kilichomo kabatini, na juu yake kuandika kwa wino mwezi na mwaka kilipoingia dukani. Vingine vilikuwa vimefifia hadi akalazimika kuviandika upya. Pete yake kubwa kuliko zote, jiwe la karati mbili lililotulia kama tone la maji, ilikuwa imeandikwa 1951. Siku moja alimtuma mkewe, Savitaben, aende kama anayetembea tu, akachungulie vikaratasi vya upande wa pili.

"Hatumii wino," Savitaben alirudi kumwambia. "Anaandika kwa penseli."

"Penseli? Kwa nini penseli?"

"Nilimuuliza. Akasema wino ni wa vitu vinavyokaa."

Savitaben alicheka alipolisema, kwa maana aliliona kuwa neno zuri. Mumewe hakucheka. Alilichukua neno lile akalala nalo, akaamka nalo, na kila alipofungua kabati lilimtazama kutoka kwenye kila kikaratasi.

Mwaka 1958 Walji alishuka bandari ya Wesha. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vito kutoka Unguja, mtu mnene mwenye koti la mifuko ya ndani, na katika mifuko hiyo almasi zake zilikaa zimekunjwa ndani ya karatasi za rangi ya samawati. Kwa miaka mingi kituo chake cha kwanza Chake kilikuwa duka la Manubhai, na chai ya maziwa yenye hiliki ilikuwa ikimngoja. Mara hii Manubhai alimwona akipita mbele ya mlango, akanyanyua mkono kumsalimia, kisha akaingia mlango wa pili. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka na kuja, chai ilikuwa imefanya utando.

"Umepotea njia leo, Walji."

"Sikupotea, ndugu yangu. Bibi aliniandikia barua. Vitu vyake vimemwishia."

"Vimemwishia? Si ulimletea juzi tu?"

"Hii mara ya tano tangu Ramadhani." Walji aliketi, akaulegeza mkanda. Macho yake yalilitafuta kabati, yakatua kwenye pete ile ya karati mbili, naye akatabasamu. "Huyu bado yupo! Kila nikija namkuta. Tumeshakuwa jamaa, mimi na jiwe hili."

"Jiwe zuri halina haraka."

"Jiwe halina. Wewe je?" Walji alishusha sauti, kwa kuwa alimpenda Manubhai kwa njia yake. "Nisikilize. Wenye mashamba ndio waliokuwa wateja wako, na sasa bei ya karafuu imeanguka, wenyewe wanaweka mashamba rehani. Nani atakuja kukuondolea jiwe kama hili? Shemeji yako anauza vipini kumi, anachukua chembe kumi nyingine. Faida ya kimoja ni ndogo, haijazi hata kiganja. Lakini pesa ile ile inakwenda na kurudi mara tano, sita, kwa mwaka. Yako wewe iliingia mle mwaka hamsini na moja, haijatoka mpaka leo."

Manubhai alimmiminia chai nyingine. Akaendelea kumimina mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

Usiku huo Savitaben aliporudi kutoka kwa shemeji yake, uso bado una kicheko, alimkuta mumewe ameketi mbele ya sahani ambayo hakuigusa.

"Mnacheka nini huko?"

"Mambo ya wanawake."

"Kila siku mambo ya wanawake. Mke wangu anakwenda kucheka kwenye duka linaloniua."

Savitaben aliiondoa sahani. "Unataka duka lake lifungwe ili upate nini? Vipini huuzi. Wateja wake si wako. Unataka nini hasa?"

"Nataka aje aniombe," Manubhai alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikilitamka jambo hilo alishtuka, lakini hakulirudisha.

Mapema mwaka uliofuata, asubuhi moja, aliingia Bi Mwatum wa Pujini. Alikuwa mama wa makamo, mkulima, mwenye sauti ya kuzoea kuitana shambani. Binti yake, Khairiya, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Pandu, na katika vitu vilivyoletwa na upande wa mume kulikuwa na kipini kilichonunuliwa mlango wa pili. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa leso, akaifungua leso, akakiweka kipini juu ya meza.

"Bwana Manu, hebu n'tazamie hichi. Wametuletea wakwe. Dada yangu ana maneno, ati vya rahisi hivi haviwezi kuwa almasi. Miye mtu wa shamba, almasi na chupa kwangu sawa. Wewe ndo ujuaye."

Nje, barazani, Nyange fundi cherehani alikuwa akishona, mguu wake ukikanyaga taratibu. Mlango ulikuwa wazi.

Manubhai alikibandika jichoni kioo chake cha kukuzia. Hakuhitaji zaidi ya pumzi moja. Almasi, tena safi, ndogo kama punje ya mtama lakini imejaa mwanga, na imeshikwa kwa kucha nne za dhahabu zilizolala sawasawa bila alama ya koleo. Yeye mwenyewe asingeikaza vizuri zaidi. Huenda asingeikaza vizuri hivyo. Aliendelea kuitazama ingawa alikuwa amekwisha kuiona, na wakati wote huo, kupitia mbaoni, ilimjia sauti ya Shardaben akiagana na mteja.

Akakitoa kioo jichoni. Akakisukuma kipini kwa ncha ya kidole kumrudishia mwenyewe.

"Sipendi kumharibia mtu riziki yake, Bi Mwatum."

"Kwa hivyo si almasi?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Basi sema ndiyo."

"Mwulize aliyeuza," Manubhai alisema, akachukua kitambaa na kuanza kusugua kikuku kisichokuwa na doa.

Cherehani ya Nyange ilikuwa imenyamaza.

Hakuna uongo uliosemwa pale, na Manubhai alijikumbusha hivyo mara nyingi siku ile. Lakini kufika magharibi habari ilikuwa Wesha, na asubuhi ilikuwa Pujini, na kila ilipopita iliongezwa kidogo. Ilipomaliza mzunguko wake ilikuwa imepata jina: vipini vya chupa. Bi Mwatum alikirudisha kipini kwa wakwe pamoja na maneno makali. Wakwe wakajibu kwa makali zaidi, wakampelekea Shardaben kipini chake. Pandu, aliyepanda mikarafuu ya watu msimu mzima akichuma ili akinunue, alisikia akiitwa tapeli mbele ya rafiki zake. Harusi ikasimamishwa.

Kisha wanawake wakaanza kurudi mlango wa pili na vipini vyao. Manubhai aliwasikia mmoja mmoja. Alingojea ugomvi, alingojea Shardaben alie, aape, atetee. Hakusikia ila maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini: "Lete, mama. Pesa yako hii hapa." Na mwingine: "Lete, mama. Pesa yako hii hapa."

Siku tatu alikula vizuri. Mkewe alimwandalia chakula, akakaa mbali. Siku ya nne akaja mke wa mwenye shamba mmoja, mteja wa tangu enzi ya baba yake, mtu pekee aliyekuwa akiiulizia pete ya karati mbili kwa nia ya kweli. Hakuketi.

"Ile pete baki nayo, Manubhai. Siku hizi nani ajuaye Chake hii kilicho almasi na kisicho?" Akavua hereni alizouziwa dukani hapo hapo, miaka saba nyuma. "Na hizi n'tazipeleka Unguja zikatazamwe."

Hapo ndipo Manubhai alipoanza kuelewa alichokifanya, na hata hapo alijionea huruma yeye kwanza.

Jumamosi, soko limejaa, Shardaben aliingia kwa Manubhai kupitia mlango wa mbele. Alikuwa na sinia ya shaba mikononi. Nyuma yake walikuja Bi Mwatum, Pandu na mama yake, na wanawake wengi kiasi kwamba wengine walibaki barazani wakimzunguka Nyange na cherehani yake. Manubhai alisimama. Kwa desturi ya jamaa yao, mke wa ndugu mdogo hufunika uso mbele ya shemeji mkubwa wala hamsemeshi. Akiwa na haja hupitisha kwa mwanamke mwingine. Tangu aolewe, miaka kumi na minane, Manubhai hakuwahi kuambiwa neno na Shardaben. Savitaben alitoka nyuma ya pazia, na Manubhai akamtazama ili apokee ujumbe kama ilivyo kawaida. Savitaben alikwenda kusimama kando ya mjane.

Shardaben aliweka sinia mezani. Akauvuta upindo wa sari yake nyuma mpaka uso ukawa wazi wote. Ulikuwa umekonda kuliko Manubhai alivyodhani.

"Motabhai," alisema, neno la kwao la kumwita kaka mkubwa, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Nasema kwa lugha ya watu wote ili watu wote wasikie. Hivi ni vipini ishirini na vitatu. Ndivyo vyote nilivyorudishiwa. Hakuna mwingine hapa ajuaye almasi ila wewe. Vitazame kimoja kimoja, useme."

Manubhai aliitazama sinia. Aliona wazi, kama mtu anavyoiona njia mbele yake, kwamba akisema chupa hakuna atakayembishia. Mwanamke huyu amejileta mwenyewe mpaka mkononi mwake. Akisema neno moja tu, ule ukuta wa mbao ungeweza kung'olewa wiki ijayo. Alipoinua macho alimkuta Pandu, kijana wa miaka ishirini na kitu, viganja vyeusi kwa utomvu wa karafuu, anamtazama mdomoni.

Akachukua kioo. Akachukua kipini cha kwanza.

"Almasi."

Cha pili. "Almasi."

Ilichukua karibu saa nzima. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kila kipini alikishika alione kosa, kwa maana moyo wake ulikuwa bado unalitafuta, na kila kimoja hakikuwa nalo. Kwenye cha kumi na kitu aliona ukucha mmoja umelazwa kidogo upande wa kushoto, mtindo wa Ramnik, ambaye tangu utoto alikandamiza kila kitu kwa kidole gumba cha kushoto. Kumbe Shardaben ameuchukua mkono ule. Manubhai alilazimika kukitoa kioo na kupangusa jicho, na watu wakadhani ni jasho.

"Cha ishirini na tatu. Almasi. Zote almasi."

Bi Mwatum alisogea mezani. "Na siku ile nilipokuja? Hukuiona?"

"Niliiona."

"Basi ulinyamaza kwa nini?"

Savitaben alikuwa akimtazama. Wote walikuwa wakimtazama. Manubhai alikiweka kioo juu ya meza.

"Wivu," alisema.

"Kasema n'ni?" Nyange aliuliza kutoka barazani.

"Kasema wivu, yakhe," mtu akamjibu, na mmoja akacheka, kisha hakuna aliyecheka.

Bi Mwatum alikichukua kwenye sinia kipini cha binti yake, akamgeukia mama yake Pandu, akakitia katika kiganja chake kwa mikono miwili ili kiletwe tena kwao kwa njia ya heshima. Kisha akamrudia Manubhai. "Umetuvunjia harusi kwa ajili ya wivu wa duka. Mungu akusamehe. Miye bado."

Shardaben alichukua sinia yake. Mlangoni aliuvuta upindo wa sari usoni, na tangu hapo hakuuondoa tena mbele yake. Akiwa na haja, alipitisha kwa Savitaben.

Harusi ya Khairiya na Pandu ilifanyika baada ya wiki mbili. Savitaben na Shardaben walialikwa wote wawili, wakaenda pamoja. Vipini ishirini na viwili vilivyobaki viliuzwa kwa siku tisa. Manubhai alizihesabu. Vilikwenda kwa kasi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa kila mtu alijua vimetazamwa kimoja kimoja na fundi wa Bombay, mbele ya umma, tena fundi mwenye kila sababu ya kuvikataa. Jambo hilo lilimchoma zaidi ya aibu. Alikuwa amempa shemeji yake dhamana ambayo Walji na karatasi zake zote asingeweza kuitoa, na aliitoa bure.

Kwake hakuja mnunuzi. Mwaka mzima uliosalia aliletewa kazi za kutengeneza tu, labda kifungo cha mkufu, labda kikuku kilichopasuka. Mapema mwaka 1960 aliyafunga mawe yake kumi na moja ndani ya pamba, akapanda meli kwenda Unguja. Walji aliyapima moja moja, akataja bei. Ilikuwa chini ya aliyoyanunulia. Manubhai hakubishana. Aliomba tu pete ya karati mbili ipimwe ya mwisho, na ilipopimwa akageuza uso kutazama ukuta. Kwa pesa ile alichukua karatasi mbili za chembe ndogo, na Walji, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakumfanyia mzaha.

Wiki hiyo hiyo aliyorudi alikaza vipini sita. Macho yake hayakuwa tena ya ujana, na kucha hazikulala sawasawa kama za jirani. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke wa Makoongwe, kijana, ameshika pesa zake ndani ya leso. Alivigeuza vipini vile mwangani, kimoja kimoja.

"Bwana, hivi na vya yule bibi wa mlango wa pili, vipi vizuri?"

Manubhai alikuwa na majibu matatu au manne, yote ya kweli kiasi, yote yangemweka yule mwanamke kwenye kiti.

"Almasi ni zile zile, zinatoka kwa mtu mmoja. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu."

Mwanamke alimtazama kama asiyeamini masikio yake. Akasema, "Ahsante, bwana. N'takwenda kuvitazama, kisha n'tarudi."

Hakurudi. Manubhai aliutazama mlango mpaka adhuhuri. Halafu akavuta kiti karibu na mwanga, akachukua kipini cha kwanza kati ya vile sita, akaanza kuzilaza kucha zake upya.